Nina laki tano na nataka bunduki ya easofti: ninunue ipi?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni kijana wa miaka 27, naishi Sinza na mama yangu na wadogo zangu wawili. Nauza vipuri vya pikipiki Kariakoo. Mshahara si wa kujivunia ila najibana, na sasa nina laki tano kamili ambayo haina kazi nyingine. Naomba usiniambie niipeleke UTT nikawekeze, hilo dada yangu ameshalisema mpaka amechoka.

Rafiki yetu mmoja amerudi kutoka masomoni Poland. Huko alikuwa anacheza easofti, ule mchezo wa timu mbili kuwindana porini kwa bunduki za mfano zinazorusha gololi ndogo za plastiki. Ukipigwa unanyoosha mkono juu, unatoka. Ametupigia stori na kutuonyesha video mpaka tumeshikwa. Tupo tisa tunaotaka kuanza. Baba mdogo wa mmoja wetu ana shamba la mikorosho upande wa Kisarawe, lina banda la kuku ambalo halitumiki, na amesema tucheze tu mradi tusimvunjie miti.

Kilichobaki ni bunduki, na hapo ndipo nimekwama. Nina ofa nne.

Kuna jamaa anauza mtandaoni bastola ya springi, ile ya kukoki kila unapotaka kupiga, 90,000. Kuna mtu anakuja kutoka Afrika Kusini na bastola ya gesi, ya chuma tupu, ukipiga inacheza mkononi kama ya kweli, 450,000. Nisikufiche Mjomba, moyo wangu uko hapo. Yule rafiki wa Poland naye anauza yake ya betri, Cyma yenye umbo la AK, 350,000 na magazini mbili, ila betri alishagawa na chaja haipo. Halafu kuna dada anayefunga mizigo Guangzhou, anasema mpya ya betri anaileta kwa 250,000, itakaa katikati ya nguo za watoto ndani ya kontena na "haitaonekana".

Pia nimeambiwa nikiipata nifute ile rangi ya chungwa ya mdomoni maana inaharibu muonekano. Na tumepanga tuchange tununue kombati za mabaka tufanane kama timu.

Mama amesema nyumba yake haiingii bunduki hata ya sabuni. Nimemweleza kwamba ni mchezo, akaniuliza kama jirani naye ameelezwa. Sikuwa na jibu.

Nisaidie, ninunue ipi?

Mpenda Mchezo, Sinza

*

Marahaba, mpwa wangu.

Nikujibu moja kwa moja: kati ya hizo nne, ya rafiki yako ndiyo ya kununua, lakini si kwa 350,000 na si wiki hii. Laki tano yako inatosha kabisa kuanza mchezo huu. Haitoshi ukianza na bunduki. Kuna pesa inatakiwa itoke kwanza kwa ajili ya macho yako, kuna siku mbili tatu za kuzunguka kwenye ofisi za watu, na kinachobaki ndicho bei ya bunduki. Wengi huenda kinyume. Wananunua chuma cha kupendeza, halafu wanaingia porini na miwani ya jua ya buku tano.

Na mama yako ameuliza swali zuri kuliko yote yaliyomo kwenye barua yako, kwa hiyo naanza nalo.

Bunduki za easofti zilianzia Japani miaka ya 1970, nchi ambayo raia wa kawaida hapati bunduki ya kweli hivi hivi, na tangu mwanzo zilitengenezwa zifanane na za kweli kwa kila kitu. Kufanana huko ndiko utamu wake kwa mchezaji na ndiko hatari yake barabarani. Ukikatiza Sinza Mori na kitu chenye umbo la AK begani, hakuna atakayekuuliza kinatoa nguvu ya jouli ngapi. Askari wa doria ataona bunduki. Mwenye duka la M-Pesa ataona bunduki, na atapiga kelele. Unajua mwenyewe magazeti yetu yakiandika "wananchi wenye hasira kali" huwa wanamaanisha nini.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, chapisha picha ya bunduki unayotaka kununua pamoja na maelezo yake mafupi: inatumia betri, inarusha gololi ya plastiki ya milimita 6, haiingizi risasi ya baruti. Nenda nayo kwa OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya yako. Silaha nchini zinasimamiwa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na polisi ndio wanaoshughulikia vibali vyake. Uliza kama kitu hicho unaruhusiwa kukimiliki, kukisafirisha na kukitumia kwenye shamba la mtu, na kwa masharti gani. Omba jibu la maandishi, hata kama ni barua yako mwenyewe iliyogongwa muhuri na kuandikwa maelekezo. Wakisema hapana, basi ni hapana, na laki tano yako bado iko mfukoni. Maneno ya muuzaji kwamba "hii ni toi tu, bro" hayatakusaidia kituoni saa nne usiku.

Wakisema ndiyo, rudi kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa wako umjulishe, na baba mdogo wa rafiki yenu amjulishe wa kwao kule Kisarawe pamoja na majirani wanaopakana na shamba. Siku ya mchezo watasikia makelele na kuona vijana wanakimbizana na bunduki kwenye mikorosho. Wasipojua mapema wataita watu, na watakuwa na haki. Ukishafanya hivyo, mama umemjibu. Kama bado hataki ikae ndani mwake, ikae kwa rafiki. Nyumba ni yake.

Hilo la kombati liacheni leo hii. Mwezi Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku saba kwa raia wenye mavazi ya kijeshi au yanayofanana nayo kuyasalimisha, na si mara ya kwanza onyo la namna hiyo kutolewa. Vijana tisa wenye mabaka na bunduki za mfano kwenye Noah moja kuelekea Kisarawe! Hapana. Timu moja ivae fulana nyeusi, nyingine ya kijani au ya kahawia, mikono mirefu kwa sababu gololi kwenye ngozi tupu inaacha alama ya kuvimba. Mitumba ya Ilala itawavisha wote kwa hela ndogo.

Rangi ya chungwa nayo ibaki. Kwa Marekani mdomo wa chungwa ni takwa la sheria ya shirikisho katika kuingiza na kuuza bidhaa hizi. Uingereza, asiye mchezaji anayetambulika huuziwa zenye rangi kali ya wazi. Wenzetu wenye mchezo mkubwa kuliko wetu wameona haja ya alama hiyo, sembuse sisi ambao mchezo haujulikani. Kama ya rafiki yako haina, funga utepe wa rangi kali mdomoni na kwenye kitako, uuondoe mkishafika shambani kama unawakera.

Sasa macho.

Gololi ya gramu 0.20 ikitoka kwa mita 100 kwa sekunde inabeba jouli moja. Hicho ni kipimo kizuri cha kukumbuka, kwa sababu Japani tangu 2006 wameweka kikomo chini kidogo ya hapo, jouli 0.98, na Uingereza sheria yao ya 2017 inaruhusu hadi jouli 1.3 kwa bunduki inayopiga mfululizo na 2.5 kwa inayopiga moja moja. Jouli moja kwenye paja ni "aah!" na kicheko. Kwenye jicho ni hospitali ya CCBRT, na huenda usirudi na jicho hilo.

Miwani ya kazi utaipata kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, na wewe unashinda Kariakoo, huna kisingizio. Usiangalie urembo, soma maandishi madogo kwenye fremu na kwenye kioo chenyewe. Nyingi za viwango vya Ulaya zimeandikwa EN 166 kisha herufi. Herufi F maana yake kioo kilipigwa na gololi ya chuma ya milimita 6 yenye gramu 0.86 kwa mwendo wa mita 45 kwa sekunde. Piga hesabu: haifiki hata jouli moja. Herufi B ni gololi ileile kwa mita 120 kwa sekunde, zaidi ya jouli sita. Unataka B, ile ya kufunika jicho pande zote kwa mpira na mkanda nyuma ya kichwa, si ya kuning'iniza masikioni ambayo ukiinama inadondoka. Kiwango cha Marekani kinachoaminika ni ANSI Z87.1, tafuta alama ya Z87+ yenye kijumlisha. Isiyo na maandishi yoyote muachie muuzaji. Na kwa joto letu itaingia ukungu, kwa hiyo chagua yenye matundu madogo ya hewa yaliyokingwa.

Ongeza barakoa ya waya wa wavu kwa chini, ya kufunika mdomo na pua. Meno ya mbele ni ghali kuliko bunduki zote ulizoniandikia. Kwa vyote hivyo tenga 80,000, na ikizidi, punguza kwenye bunduki, si hapa. Tisa nyote mwe nazo. Asiyekuwa nayo anakaa nje ya uzio, hata kama ndiye mwenye shamba.

Tuje kwenye ofa zako.

Ya Guangzhou ifute kwanza. Najua inakushangaza kwa sababu bunduki nyingi za easofti duniani zinatengenezwa China, Cyma yenyewe ni ya huko. Lakini China kwao ni wakali kweli kweli: kitu kinachotoa zaidi ya jouli 1.8 kwa kila sentimita mraba ya mdomo kinahesabiwa bunduki. Kwa gololi ya milimita 6 hiyo ni kama nusu jouli tu. Maana yake bunduki ya kawaida ya mchezo huu ni mara mbili ya kikomo chao. Mwaka 2016 mama mmoja wa Tianjin aliyekuwa na kibanda cha watu kulenga maputo alihukumiwa miaka mitatu na nusu kwa bunduki za namna hiyo, na ni baada ya kelele kubwa za wananchi ndipo rufaa ya mwaka 2017 ikamrudisha nyumbani kwa kifungo cha nje. Huyo alikuwa raia wao. Dada yetu anayefunga nguo za watoto atajieleza kwa Kichina gani? Na ikivuka huko, inafika bandarini kwetu kama mzigo uliodanganywa kwenye makaratasi, ndani ya kontena lenye mali za watu wengine kumi. Mwambie asante, asithubutu.

Bastola ya springi ya 90,000 siidharau. Haitumii betri wala gesi, ina vitu vichache vya kuharibika, na inakufundisha kulenga kwa sababu unapata risasi moja kisha unakoki. Kama mngekuwa tisa wote na springi, ningewaambia nendeni, mtacheza vizuri mno na mtabaki na hela ya kuku wa kuchoma. Mchezo wa springi kwa springi ni wa akili na miguu. Shida inakuja mmoja akiwa na ya betri: atawamwagia gololi kama mvua ya masika na wengine mtajificha kwenye banda la kuku hadi jioni. Na huyo mmoja mnaye tayari. Jambo lingine, nyingi za bei hiyo hazina hopapu, yaani kile kimpira kidogo ndani kinachoizungusha gololi kwa nyuma ili ielee mbali. Bila hopapu, gololi baada ya hatua chache inaangukia kwenye majani.

Sasa ile iliyobeba moyo wako. Bastola ya gesi ni tamu, nakubali. Ila tazama inachokula. Gesi yake ya kawaida ni propeni iliyochanganywa na mafuta kidogo ya silikoni. Ni gesi inayowaka, hairuhusiwi ndani ya ndege ya abiria, si kwenye begi la mkononi wala la kupakia. Huyo anayekuja kutoka Afrika Kusini atakuletea bastola bila gesi, halafu utaipata wapi? Atatokea mtaalamu wa mtaani akwambie utengeneze kiunganishi ujazie kutoka mtungi wa jikoni. Mpwa wangu, mtungi wa jikoni ni wa ubwabwa.

Hata ukiipata, kuna joto. Propeni kwenye nyuzi 20 ina shinikizo la bar 8 na kidogo. Kwenye nyuzi 30 inakaribia 11. Dar mwezi wa pili unajua ilivyo. Bastola iliyopimwa vizuri kwenye baridi ya Ulaya, hapa itapiga kwa nguvu zaidi ya ilivyokusudiwa, na vipande vyake vitagongana kwa nguvu hiyo hiyo. Magazini zake zina mipira ya kuziba ambayo ikikauka inavujisha, na magazini moja ya gesi mara nyingi inauzwa bei ya magazini kadhaa za plastiki za bunduki ya betri. Utatoa 450,000, utabaki na 50,000, huna miwani, huna gesi, huna gololi. Utakuwa na kitu kizuri cha kupiga nacho picha, na picha hizo zenyewe nisingependa uzitume popote.

Inabaki ya betri.

Nina sababu ya kuipenda zaidi ya bei. Chakula chake ni umeme, na umeme hata ukikatika utarudi. Zenye umbo la AK za Cyma za daraja la chini zina mwili wa plastiki ngumu na giaboksi ya chuma, na ni za miaka mingi sokoni, kwa hiyo springi, pistoni na gia zake zinajulikana na zinaagizika. Wewe muuza vipuri unalielewa hili kuliko mimi: unanunua pikipiki ambayo vipuri vyake vipo.

Bei sasa. Mpya ya aina hiyo Ulaya na Marekani inauzwa kati ya dola 100 na 150 hivi, kutegemea toleo. Ukiagiza mwenyewe utaongeza usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18 inayohesabiwa juu ya vyote hivyo, ndiyo maana iliyotumika lakini ipo hapa Dar ina thamani yake. Lakini imetumika, haina betri, haina chaja, na mwenye nayo ni rafiki. Mwambie 250,000, mkutane 280,000. Akikataa kata kata, mpe muda, soko la kitu hicho hapa mjini ni nyie tisa.

Betri na chaja tenga 90,000. Nunua lipo, yaani betri ya lithiamu, ya volti 7.4, si ya 11.1 hata kama utaambiwa inapiga kasi zaidi. Ya 11.1 kwenye giaboksi ya bei nafuu inakula meno ya gia. Pima kwanza nafasi ya kuiweka kwa rula, urefu, upana na kina, halafu angalia umbo la plagi. Watu hununua betri nzuri isiyoingia. Chaja iwe ya lipo yenye kusawazisha seli, maana chaja ya betri za zamani za nikeli haijui pa kuachia na inaweza kuichoma. Chaji juu ya sakafu ya saruji au vigae, ukiwa macho, mbali na godoro. Usiiache ndani ya gari juani. Kama hamchezi wiki kadhaa, iache kwenye volti 3.8 kwa seli, si imejaa wala si tupu. Ikivimba kama andazi, kazi yake imekwisha.

Zilizobaki, 50,000, ni gololi. Mfuko wa kilo moja wa gramu 0.20 una gololi 5,000, wa gramu 0.25 una 4,000. Chukua 0.25, upepo wa kule kwenye mikorosho hauisumbui sana. Ziwe laini, duara kamili, zisizo na mshono wa kuonekana. Zile za njano zinazokuja na bastola za watoto msimu wa Idd usizitie kabisa, ni nyepesi na dhaifu, zinapasukia ndani ya mtutu na kukwamisha kila kitu. Baba mdogo akitaka zinazooza ili zisijae shambani kwake, zipo, ila zinavuta unyevu na kuvimba, kwa hiyo mfuko ukifunguliwa ufungwe vizuri. Na mchange nyote tisa mpate kifaa kimoja cha kupimia mwendo wa gololi, kila bunduki ipimwe kabla ya mchezo. Kubalianeni jouli moja, asiye ndani ya hapo apumzike.

Siku ya kwenda kuiona, nenda mchana na betri ya kuazima iliyojaa. Kwanza usipige. Toa magazini, angalia ndani ya mtutu kwa tochi ya simu kama hakuna gololi. Shika mtutu na kitako, ujaribu kuvitikisa; kucheza kidogo ni kawaida, kucheza kama jino bovu si kawaida. Fungua mahali pa betri utazame nyaya: plastiki iliyoyeyuka au utepe wa umeme uliozungushwa ovyo ni dalili ya mtu aliyeweka betri kubwa. Nusa. Mota iliyoungua ina harufu ambayo wewe wa vipuri unaijua.

Kisha vaa miwani, weka kwenye moja moja, piga mara kumi kwa kuachia pumzi kati ya kila moja. Kila ukibonyeza itoke moja. Ikitoa mbili, au isiporudi tayari, swichi ya ndani au gia ina tatizo. Weka mfululizo, piga kwa sekunde mbili, sikiliza. Mlio unaotakiwa ni mkavu na wa kulingana. Ukisikia mluzi wa juu kama wa kusaga, gia hazijakaa sawa. Gusa sehemu ya kushikia: vuguvugu sawa, moto hapana. Jaribu magazini zote mbili, si moja. Mwisho vuta ile bawa ya pembeni nyuma, utaiona hopapu. Izungushe huku unapiga ukutani mbali, gololi zianze kupanda. Zisipobadilika hata ukizungusha mpaka mwisho, kile kimpira kimekufa. Ni kipuri cha bei ndogo, lakini punguziwa 20,000 kwa ajili yake.

Ikipita yote hayo, andikishianeni karatasi: majina yenu, aina ya bunduki, namba kama ipo, bei, tarehe, sahihi na shahidi. Lipa kwa simu ili muamala ubaki. Kuibeba, iwe ndani ya begi lililofungwa lisilo na umbo la bunduki, betri na magazini zimetolewa, kwenye buti la gari la mtu mnayemjua. Si bodaboda, si mwendokasi. Na karatasi ya mauziano pamoja na jibu la OCD vikae ndani ya begi hilohilo, nakala zake kwa mama.

Mjomba